Jambo ambalo halikutokea, liliwezekana? Njooni tubishane

Wakuu, salaam kutoka Ujiji. Baraza letu limegawanyika, naleta ugomvi kwenu.

Mzee mmoja hapa, mvuvi wa siku nyingi, anashikilia kwamba kilichotokea ndicho pekee kilichowezekana. Ukimwambia mwaka 2024 serikali ingeweza kutofunga uvuvi Ziwa Tanganyika ile Mei 15 hadi Agosti 15, anacheka: "Ingeweza, mbona ilifunga?"

Msimdharau. Hoja yake ina kama miaka 2,300. Mwanafalsafa wa Kigiriki Diodorus Cronus alisema kinachowezekana ni kile tu kilicho kweli sasa au kitakachokuwa kweli. Alisimamia nguzo mbili: ya jana hayabadiliki, na kutoka kwenye linalowezekana halizaliwi lisilowezekana. Kama jambo fulani halitatokea kamwe, basi tangu jana ilishakuwa kweli kwamba halitatokea, na ukweli huo wa jana haung'oki. Kwa hiyo haliwezekani. Wastoiki, kundi jingine la wanafalsafa wa Kigiriki, walihangaika naye: Cleanthes akaikataa nguzo ya kwanza, Chrysippus ya pili.

Mimi nampinga, na ushahidi wangu unaelea. Wajerumani waliizamisha meli tunayoiita Liemba Julai 1916, karibu na Malagarasi inapoingia ziwani. Kabla ya kuizamisha mafundi wakaipaka mitambo grisi nzito. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini. Mzee atasema mfano huu ni wake, maana meli kweli ilirudi. Haya, turudi 1917, meli iko chini ya maji. Nini kilifanya iwezekane kufanya kazi tena? Ni grisi na chuma kizima, vitu vilivyokuwepo siku hiyo hiyo. Waingereza wangeghairi, grisi ingebaki pale pale na uwezekano ungebaki nao, hata kama meli ingeozea humo milele. Mwaka 1924 haukuuumba, uliutumia tu.

Waliosoma tauhidi wanazijua hukumu tatu za akili: wajibu (cha lazima), muhali (kisichowezekana) na jaizi. Jaizi ni kile ambacho akili inakubali kuwepo kwake na kutokuwepo kwake. Kwa jambo lenye siku yake maalumu, Diodorus anaifuta jaizi. Kinabaki cha lazima na cha muhali. Bei kubwa mno hiyo.

Tena mzee wetu mwenyewe hailipi. Jioni hiyo hiyo nilimsikia akilaumu kwamba wakubwa wangeweza kuwatafutia wavuvi shughuli nyingine kabla ya kufunga ziwa. Wangeweza? Si hawakufanya? Kwa kipimo chake basi haikuwezekana, na asiyeweza halaumiwi. Yule anayetetea kufungwa naye hasalimiki, maana anaposema dagaa wangezidi kupungua anazungumzia mwaka ambao hatukuuishi.

Kosa naliona kwenye nguzo ya kwanza. "Jana ilinyesha" limekwisha, halina dawa. Lakini "jana ilikuwa kweli kwamba kesho haitanyesha" limevaa kanzu ya jana tu. Ukweli wake unaitegemea kesho, na kesho bado iko wazi. Hayo mawili hayawezi kuwa magumu kwa kiwango kimoja.

Anayesimama na mzee anijibu hapo kwanza. Na tafadhali asinikimbilie kwenye kadari, hiyo tuifungulie uzi wake, masheikh wenyewe hawajaimaliza.