Lusina kwa mbuzi: haya ya Indonesia yatatufaa huku Malindi?

BiKakuyuni

Salaam aleikum, na wasio wa salaam hamjambo. Mimi nafuga huku Kakuyuni, nyuma ya Malindi. Nina mbuzi wasiotosha kujivunia na kuku wa kienyeji wanaozurura uani. Shida yangu ni kaskazi, ule msimu wa ukame. Ikishapita Krismasi nyasi zinakauka zote, na njia tuliyokuwa tukipitisha mifugo kwenda mtoni Sabaki jirani ameiziba na shamba la nyanya. Mbuzi wanabaki mbavu. Na wachuuzi wanajua! Wanakuja hasa wakati huo, wanambinya mnyama mgongoni kwa vidole viwili, wanatazamana, halafu wanataja bei ambayo hata kuku jogoo angeona haya. Nitabisha nini na mimi mwenyewe mgongo nauona?

Sasa kuna mpwa wangu baharia, kanitumia video ya wafugaji wa kisiwa kinaitwa Sumbawa, Indonesia. Ng'ombe wao wadogo, miguu myeupe kama wamevaa soksi, wamefungwa bandani, na chakula chao ni matawi ya lusina, ule mti wa malisho. Simuoni anayewapa nyasi, simuoni anayewapa pumba. Lusina tu, na manyoya yanang'aa.

Mimi lusina ninayo. Imejiotea yenyewe mpaka imekuwa kero ukutani kwa marehemu baba. Lakini tangu utotoni nasikia mbuzi akila lusina ananyonyoka manyoya, na wangu mmoja mwaka juzi alinyonyoka kweli. Hao wa Sumbawa wana dawa gani? Na kaka yangu yuko Lamu, ana punda wa kubeba mchanga na mawe ya ujenzi, naye ameiona ile video anataka kuwakatia punda wake. Nimwambie nini?

PundaWaShela

Bi Kakuyuni, mwambie kaka yako aweke panga chini leo leo. Punda hacheui. Hana lile tumbo la ng'ombe na mbuzi la kumeng'enyea sumu ya lusina. Atanyonyoka singa za shingo na mkia, na huku Lamu punda asiye na mkia atapigiwa vigelegele kutoka Langoni mpaka Mkomani. Farasi pia hivyo hivyo. Akitaka mambo ya majani awape nyasi, na maji ya kutosha, na awapunguzie mzigo. Hilo la mzigo nasema kwa sababu mawe ya ujenzi nayajua.

BwanaMifugoMstaafu

Bi Kakuyuni, shikamoo kama umenizidi, marahaba kama nimekuzidi. Nilikuwa afisa mifugo wilayani miaka mingi, sasa nalima minazi yangu Gede. Swali lako nimelifurahia maana lusina naijua tangu enzi zile KARI (taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo) pale Mtwapa wakishirikiana na ILCA ya Addis Ababa (kituo cha kimataifa cha utafiti wa mifugo) kuwafundisha wafugaji wa maziwa wa Kaloleni kuipanda pamoja na nepia. Ilikuwa inakwenda vizuri, halafu miaka ya 1990 vikaingia vidudu vidogo vya kufyonza vichipukizi, watu wakakata tamaa. Iliyobaki ndiyo hiyo ya ukutani kwako.

Wenzetu Indonesia pigo hilo liliwapata kabla yetu. Kule Amarasi, Timor ya magharibi, lusina imepandwa tangu miaka ya 1930 na wafugaji walikuwa wakinenepesha ng'ombe kwayo. Mwaka 1986 vidudu vikafika, mashamba yakawa vijiti. Tofauti ni kwamba watafiti hawakuliacha jambo likafa. Zilitafutwa aina zinazostahimili, na moja iitwayo Tarramba, ambayo chanzo chake ni miti iliyochaguliwa Chuo Kikuu cha Hawaii, ndiyo waliyoipeleka Sumbawa na Lombok watafiti wa Indonesia pamoja na wa Chuo Kikuu cha Queensland, kwa fedha za utafiti za Australia. Hao ng'ombe wenye soksi, ng'ombe wa Bali, kwa malisho ya kawaida ya kijijini huongeza gramu 200 hivi kwa siku. Kwa lusina wanakaribia nusu kilo. Ndiyo maana wanang'aa.

Sasa sumu. Ndani ya lusina mna kitu kinaitwa mimosini. Tumboni mwa mnyama kinageuka sumu nyingine inayovimbisha tezi ya shingo na kumkondesha. Manyoya kunyonyoka ni dalili ya mwanzo tu. Mtafiti mmoja wa Australia, Raymond Jones, alishangaa kwa nini Australia lusina inadhuru na Hawaii mbuzi wanaila wala hawana habari. Akachukua maji ya tumboni mwa mbuzi wa Hawaii, akayafikisha Australia, akawatilia ng'ombe wa kule. Wakapona. Kilichofanya kazi ni bakteria, na mwaka 1992 akapewa jina la huyo bwana: Synergistes jonesii. Mimi kisa hiki nilikisoma usiku na taa ya mafuta, nikamwamsha mke wangu nimsimulie. Hakufurahi.

Kwa hiyo dawa ya Sumbawa ni mazoea. Wanawaanzisha kidogo kidogo, baadhi hunyonyoka wiki za mwanzo, halafu wengi huzoea. Wewe usiige ile ya lusina tupu. Wape robo ya chakula chao, mwisho theluthi, nyingine iwe nyasi, maganda ya muhogo yaliyokauka, hata mabua. Mwenye mimba mpunguzie zaidi, usije ukapata mwana mwenye shingo nene. Huyo wako wa mwaka juzi nina hakika alifungwa karibu na ule ukuta akala mchana kutwa, siku baada ya siku.

MkulimaMagarini

Samahani nyote, mimi nataka kutia maji baridi kidogo. Haya mambo ya Asia tunaletewa kila mara. Wenzetu wana mvua, wana mpunga, wana serikali inayowafuata shambani. Sisi kaskazi inatupiga, na la pili ambalo hakuna mtafiti analiuliza: shamba ni la nani?

Mimi nimekaa kwenye ardhi ambayo babu yangu alizaliwa hapo, na karatasi anayo mtu asiyejulikana yuko wapi. Mahindi nikipanda hakuna neno. Mihogo hakuna neno. Siku nikishika mche wa mwembe, msimamizi anakuja mbio na pikipiki, maana pwani huku aliyepanda mti ana la kusema mahakamani. Sasa unaniambia nipande safu za lusina, mti wa kukaa miaka ishirini? Nitafukuzwa kabla haujafika magotini.

BwanaMifugoMstaafu

MkulimaMagarini, la mvua sikubaliani nawe. Sumbawa si nchi ya mpunga na ukungu. Kiangazi chao huanza karibu Aprili kinakwenda mpaka Novemba hivi, wewe na kaskazi yako ungelia. Lusina inastahimili kwa sababu mizizi inakwenda chini sana.

La ardhi umenishika. Nimekaa kazini miaka yote hiyo nikigawa miche, na mtu akikataa kuipokea tulikuwa tunaandika kwenye ripoti kwamba mwitikio ni mdogo. Hapakuwa na safu ya kuandika kwamba ameogopa msimamizi.

Lakini si lazima mti. Kuna wilaya inaitwa Ea Kar, mkoa wa Dak Lak, nyanda za kati za Vietnam. Huko watafiti wa CIAT (kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo) na Chuo Kikuu cha Tay Nguyen walianza na wafugaji wachache, kila mmoja kajipandia kishamba cha nyasi nyuma ya nyumba. Hawakuanza kwa kusema habari za faida. Walichotaka wafugaji ni kupumzika na ile kazi ya kuzunguka kutwa wakikata majani barabarani au kuchunga. Nyasi zikiwa karibu, saa zikapatikana. Mwenye saa akaanza kunenepesha fahali mmoja au wawili bandani. Wachuuzi wa miji mikubwa wakaanza kuifuata nyama hiyo, wafugaji wakajiunga vikundi vya kuuza pamoja, na ndani ya miaka kumi walikuwa maelfu. Laos nako ilikuwa hivyo hivyo, ingawa wao kilichowachosha ni kutafuta chakula cha nguruwe, ambalo halituhusu wengine humu lakini uchovu wa mama aliyebeba mzigo mlimani ni ule ule.

Na nyasi zenyewe? Hili litakuchekesha. Kaskazini mashariki ya Thailand, upande wa Ubon Ratchathani, wanakijiji wanapata pesa kwa kuvuna mbegu za nyasi na kuziuza mpaka nje ya nchi. Wanafunga masuke pamoja yakiwa yamesimama, wanayatikisa, mbegu zinaanguka. Aina mbili kati ya wanazovuna zinaitwa Mombasa na Tanzania. Ni zetu hizo! Wafaransa walikusanya mbegu huku Afrika Mashariki miaka ya 1960, zikafika Brazili, watafiti wa EMBRAPA (shirika la utafiti wa kilimo la huko) wakazichuja wakaitoa Tanzania mwaka 1990 na Mombasa mwaka 1993, kisha zikavuka mpaka Asia. Ukitembea chini ya minazi mahali ambapo hapajafyekwa utaona majani marefu ya jamii hiyo hiyo, yanavumilia kivuli. Nyasi unaweza kuzing'oa msimu wowote, na msimamizi hawezi kusema umepanda mti.

MkulimaMagarini

Hapo tunaelewana. Ila Bwana Mifugo, kaskazi hiyo nyasi itakuwa rangi ya kahawia kama zingine.

BwanaMifugoMstaafu

Kweli, haitaongezeka. Ndiyo maana unaikata mwisho wa vuli ikiwa bado na kijani, unaianika kivulini siku chache, unaifunga, unaiweka juu kwenye dari ya banda. Ukingoja itoe mbegu imekuwa ukuti, haina kitu. Wengi wetu tunakosea hapo: tunaitazama imejaa tunafurahi, tunaikata Januari.

MamaKuku_Witu

Nimepita tu. Bi Kakuyuni umetaja kuku, na hakuna aliyekujibu, wanaume wakishika habari ya ng'ombe ndiyo basi. Utafiti wa Asia ambao mimi nimeuona na macho ni ule wa chanjo ya kideri (Newcastle, ugonjwa unaomaliza kuku) isiyoogopa joto sana. Ilianza Malaysia miaka ya 1980, wakajaribu kuipaka kwenye chakula cha kuku wa kijijini. Baadaye Profesa Peter Spradbrow wa Queensland akatoa nyingine, I-2, na nchi zikapewa mbegu yake, yaani kirusi cha kutengenezea chanjo, zitengeneze wenyewe. Vietnam wakaitengeneza, Tanzania nao wanaitengeneza. Kwetu Witu ambako friji ni la mwenye duka, hilo ni jambo kubwa. Tone moja jichoni, kifaranga na jogoo kipimo kimoja, unarudia kila miezi mitatu au minne. Uliza duka la dawa za mifugo kama wanayo ile ya kustahimili joto. Isikae juani, na ikishachanganywa imalize siku hiyo. Chanja kuku wakiwa wazima. Akishapinda shingo umechelewa, mchinjie mbali na wenziwe.

Sisi tunachanja nyumba zote siku moja, alfajiri kabla hawajafunguliwa. Nyumba moja ikikataa, kideri inaanzia hapo.

BiKakuyuni

Ahsanteni sana, hata wewe wa maji baridi. Kaka nimempigia, punda wamesalimika, ingawa amesema nimewahi kwa bahati maana alishakata mzigo. Ameupeleka kwa mbuzi wa jirani, nimemwambia amtahadharishe na jirani.

Nilivyoamua ni hivi. Kiwanja cha marehemu baba kina hati, ndugu tumekubaliana, lusina itapandwa huko kwa safu. Huku ninakolima kwa ruhusa ya mdomo nitatia nyasi peke yake. Za chini ya minazi ninazijua, watoto wangu wanazing'oa wanazitupa! Kuku nitaanza na nyumba mbili za karibu, hizo nyingine nitazibembeleza.

Bwana Mifugo, nimebakiwa na mawili. Ile ya ukutani nichukue mbegu zake au nitafute hiyo Tarramba? Na nimewahi kuzifukia mbegu za lusina hazikuota.

BwanaMifugoMstaafu

Ukiweza kuipata Tarramba chukua hiyo, haisambai ovyo kama ya ukutani. Waulize KALRO Mtwapa (ndiyo KARI ya siku hizi) kabla hujahangaika kwingine. Usipoipata, ya ukutani itafaa, lakini uikate kabla maganda hayajakauka, la sivyo mwaka ujao utaikuta mpaka kwa jirani mwenye nyanya, na mna yenu tayari.

Mbegu haioti kwa sababu ganda lake ni gumu. Chemsha maji, yaepue, yaache yapoe kidogo, tia mbegu, koroga dakika chache, kisha ziloweke kwenye maji baridi usiku kucha. Zilizovimba panda mara mvua ya masika inapoanza, zisizovimba rudia. Mwaka wa kwanza zungushia miiba, maana mbuzi akiuonja mche mchanga umekwisha. Usianze kukata mpaka ukufike kichwani, na ukikata acha kisiki cha kiunoni. Baada ya hapo kila mwezi na nusu au miwili utarudi na panga, mvua zikiwepo.

Na ukipata zaidi ya mahitaji yako niwekee kibaba. Ya kwangu Gede ilikufa zamani.