Ulinganisho: kuweka SSD na RAM, kuhamia Linux Mint, au kuuza na kununua mashine nyingine? (steshenari, Ngamiani)

Steshenari_Ngamiani

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba ushauri kuhusu laptopu mbili za duka hapa Tanga mjini.

Ya kwanza ni HP EliteBook 840 G1, prosesa i5-4300U. Ya pili ni 840 G3, i5-6300U. Zote zina RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 4, kipande kimoja, HDD (diski ya kuzunguka) ya GB 500 na Windows 10 toleo la 22H2. Printa ni tatu: HP LaserJet P1102, Epson L3110 na Canon LBP2900. Kazi ni kuchapa barua na CV, kuskani vyeti, kuwajazia wateja maombi kwenye Ajira Portal na kuprinti kutoka kwenye flashi zao. Word inaganda, na kivinjari kikifungua kurasa tatu tu mashine nzima inasimama.

Njia ninazolinganisha:
A) SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi) na RAM, nibaki na Windows
B) Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows
C) Kuuza zote mbili na kununua moja ya kizazi cha 8, mfano 840 G5

Fedha haitoshi kufanya yote kwa mpigo. Kipi kitangulie?

Fundi_Chumbageni

Mkuu, pima kwanza ndipo ununue. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, angalia diski na RAM mashine ikiwa kazini. Diski ikikaa 100% huku prosesa iko chini ya 20%, umeshamjua mkosaji. Halafu weka CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, usome mistari minne: 05, C5, C6 na C7. Namba 05, C5 na C6 zikiwa juu ya sifuri, diski imeanza kufa. C7 ikipanda peke yake, shaka inahamia kwenye kebo au kiunganishi, maana data inaharibika njiani kabla ya kufika. Watu wengi wametupa diski nzima kumbe kebo imelegea.

Tuwekee majibu ya mashine zote mbili.

Mdau_Raskazone

Mimi nakwenda na A bila kusita. HDD ya mizunguko 5400 kwa dakika inahitaji zaidi ya milisekunde 10 kufikia faili moja dogo, kwa hiyo haivuki mafaili mia kwa sekunde, na Windows ikiwaka inasoma maelfu. RAM ya GB 4 ikijaa, Windows inahamishia mzigo kwenye hiyo hiyo diski. Ndiyo maana dalili zinafanana hata kama chanzo ni viwili. Ukiongeza RAM pekee ukaacha HDD, kuwasha kutabaki kule kule. Kama fedha inatosha kitu kimoja, kiwe SSD.

Angalizo la RAM: G1 inatumia DDR3L ya volti 1.35. Ukiuziwa DDR3 ya volti 1.5 itaingia kwenye nafasi yake vizuri kabisa, lakini mashine inaweza isiwake. Soma lebo: PC3L, siyo PC3. G3 inatumia DDR4, hivyo RAM ya moja haihamii kwa nyingine.

Bint_Makorora

Hapo pa RAM ndipo ninapopinga A kwa G1. DDR3L ni fedha ya kuzika, haitaingia kwenye mashine yoyote utakayonunua baadaye. Na prosesa ya kizazi cha 4 haimo kwenye orodha ya Windows 11, inayoanzia kizazi cha 8 kwa Intel na kudai TPM 2.0, chipu ya usalama. Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida 14 Oktoba 2025. Kwa mtu binafsi upo mpango wa nyongeza unaofika 13 Oktoba 2026: unajiunga ndani ya mipangilio ya Windows Update, uwe na 22H2 na akaunti ya Microsoft. Baada ya hapo, mashine inayopokea flashi za mji mzima inabaki uchi.

Mdau_Raskazone

Kuna programu ya Rufus, dada. Inatengeneza flashi ya Windows 11 iliyoondolewa ukaguzi wa TPM, na hiyo i5-4300U inaibeba.

Bint_Makorora

Inabeba, lakini Microsoft haikuhakikishii masasisho kwenye mashine isiyokubalika, na toleo jipya la kila mwaka halitakuja lenyewe, utalipiga tena kwa mkono. Nyumbani sawa. Dukani, penye vyeti na namba za NIDA za watu, sikushauri.

Steshenari_Ngamiani

Majibu haya hapa. G1: C5 inasoma 38, C6 ni 4, diski 100% muda wote. G3: 05, C5 na C6 zote sifuri, C7 sifuri, lakini diski nayo inagota 100% na RAM iko 91%.

Fundi_Chumbageni

Basi G1 usiipige chkdsk /r. Amri ile inalazimisha diski mgonjwa kusomwa mwanzo hadi mwisho na inaweza kuimaliza kabla hujaokoa kitu. Nakili kwanza mafaili muhimu kwenda diski ya nje, ukianza na yale yasiyo na nakala popote. Faili likigoma, liruke uendelee, utalirudia mwisho. Kama yaliyogoma ni mengi, waka kwa flashi ya Linux utumie ddrescue, programu ya kuokoa data: inachukua kwanza sehemu nzima, kisha inarudi kwenye mbovu.

G3 ni mzima wa afya, imeelemewa tu.

Muheza_Net

Sioni kwa nini njia moja itumike kwa mashine zote mbili. Nigawanye hivi:

G3 ibaki Windows 10 kwenye ule mpango wa nyongeza, iwe mashine ya kuprinti. Sababu ni Canon LBP2900. Printa hiyo inatumia CAPT, lugha ya Canon yenyewe, na kwenye Linux ni mateso: leo inatoa karatasi, kesho imekaa kimya. P1102 inakubali Linux kupitia HPLIP (draiva za HP kwa Linux), ila lazima uendeshe `hp-plugin` ukiwa na intaneti, bila hivyo itaonekana kwenye orodha na haitaprinti. L3110 haina shida, draiva ya escpr inaitosha.

G1 iwekewe SSD ndogo na Linux Mint 22 ya Xfce (toleo jepesi), ambayo ina masasisho hadi Aprili 2029. GB 4 zinatosha kwa LibreOffice (mbadala wa bure wa Word) na kivinjari chenye kurasa chache. Hii ndiyo iwe mapokezi ya flashi. Virusi vile vinavyoficha mafaili na kuacha shotikati havifanyi kazi humo. Unayaona mafaili halisi, unafuta takataka, ndipo unapeleka kazi kwenye G3. Flashi ikiwa tayari imefichwa, upande wa Windows tumia hii, ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako:

`attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`

Njia ya C isubiri. Siipingi, ila kwa sasa inakuacha na mashine moja pale wateja wawili wanapoingia kwa pamoja.

Bint_Makorora

Naunga mkono, ila CV zina jambo lake. LibreOffice ikifungua hati ya Word yenye Calibri au Cambria, inahitaji Carlito na Caladea, maandishi yenye upana ule ule. Zisipokuwepo, mistari inasogea na CV ya kurasa mbili inakuwa tatu:

`sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea`

CV iliyopangwa kwa jedwali na visanduku vya maandishi bado itavurugika. Hiyo ifungue kwenye G3.

Na tafadhali, CV itoke PDF moja kwa moja kutoka kwenye programu. Msiiprinti kisha mkaiskani. Skani ni picha, maneno yake hayatafutiki, na faili linakuwa zito bure. Vyeti ndivyo vya kuskani: dpi 150 hadi 200, rangi ya kijivu kama cheti hakina muhuri wa rangi. Kwa wanaoomba kazi za TEHAMA, waambieni waondoe "ujuzi wa kompyuta" waandike kilichofanyika: "nimehamisha laptopu kutoka HDD kwenda SSD, nimeokoa data kwa ddrescue, nimeunganisha printa kupitia HPLIP". Mwenye kuajiri anapata cha kukuuliza kwenye usaili.

Steshenari_Ngamiani

Nimeelewa, shukrani sana. Kwa G3 ninunue SSD ya aina gani, na nihamishe Windows iliyopo au nipige upya?

Fundi_Chumbageni

Chukua M.2 2280 ya NVMe, kijiti chembamba chenye kasi kuliko aina ya SATA. G3 ina nafasi yake, na siku ukienda kwenye G5 unahama nayo. Ya inchi 2.5 haitaingia kwenye G5. Tazama meno: NVMe huwa na mkato mmoja, yenye mikato miwili mara nyingi ni SATA.

Piga upya. Kuhamisha kutoka GB 500 kwenda GB 240 kunagoma kwenye Clonezilla (programu ya kunakili diski) mpaka upunguze sehemu za diski kwanza, na leseni ya kidijitali imeshikana na madabodi (bodi kuu), itajirudia yenyewe ukiunganisha intaneti. Kama kuna BitLocker (kufuli la diski la Windows), hifadhi ufunguo wake kabla hujagusa chochote. Zima, chomoa chaja, fungua kifuniko, tenganisha betri ya ndani, toa HDD kabisa, weka SSD na kipande cha pili cha DDR4 GB 4, ndipo upige. HDD ikibaki ndani, Windows inaweza kuweka sehemu ya kuwashia kwenye hiyo ya zamani, na siku ukiitoa mashine haiwaki.

Ukiwa umefungua, safisha meno ya RAM kwa isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi. Hewa ya chumvi hapa kwetu inayafanya yapauke, na mashine inaanza kupiga milio bila kuwaka ilhali RAM ni nzima.

Muheza_Net

Nyongeza moja: SSD usiilipie ukaondoka. Zipo zinazojitangaza GB 240 na ndani hazifiki. Mwombe muuzaji muda wa kuijaribu, au akuandikie kwenye risiti kwamba utairudisha. Kwenye Windows tumia H2testw, kwenye Mint tumia f3write kisha f3read. Zinajaza diski nzima na kusoma tena kilichoandikwa, kwa hiyo fanya kabla hujaweka data yoyote humo.