Tupeane uzoefu: picha za harusi kwenye majengo makubwa ya kihistoria

Mwanzisha uzi
Wakuu, maharusi wengi wanataka picha kwenye majengo ya umma ya zamani: ukumbi wa jiji, maktaba kuu, mahakama, stesheni ya treni yenye kuba na ngazi za marumaru. Ni mahali pazuri mno kwa picha, ila jengo ni la watu wote na halifungwi kwa ajili ya harusi. Wenye ujuzi mtushushie hatua na namba: kibali, mwanga, ngazi, picha za kundi.

KibaliKwanza
Tenganisha ruhusa tatu: ya kuingia, ya kupiga picha, na ya kupiga picha za kulipwa. Mlango kuwa wazi kunakupa ile ya kwanza tu. Omba kwa maandishi, utaje tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya watu (mpigapicha na wasaidizi wahesabiwe), vifaa, na sehemu mnazozitaka. Uliza kama kuna shughuli nyingine siku hiyo, kama kuna ukarabati na majukwaa ya mafundi yamefunika upande gani, kama flashi na stendi zinaruhusiwa, na kama wanadai bima ya uharibifu. Jibu lichapishe ulibebe. Mlinzi wa zamu mara nyingi hana habari na kibali kilichotolewa ofisini.

Stendi hukataliwa kwa sababu mbili: zinaziba njia ya kutokea wakati wa dharura, na miguu ya chuma inakwaruza sakafu. Ukivalisha miguu mipira laini, ombi lako lina nafasi zaidi.

Maua ya kurusha yaacheni nje. Petali ikikanyagwa hutoa rangi, na marumaru ina vitundu vinavyoinyonya. Soda, divai na maji ya limau ni hatari zaidi. Marumaru ni kalisiamu kaboneti, asidi inaila, na pale mng'aro ulipoliwa hapafutiki kwa kitambaa. Panahitaji fundi asugue upya. Vinywaji vyote vibaki garini.

Dirishani
Nianzie kwenye mwanga, maana hapo ndipo picha nyingi zinapofia. Mwanga wa dirisha una takriban Kelvini 5500 (kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikishuka rangi ni ya njano, ikipanda ni ya bluu), taa za njano za ukumbini 2700 hadi 3000. Ukiwasimamisha maharusi katikati ya hivyo viwili, shavu moja linatoka la bluu na jingine la chungwa, na ukirekebisha moja unaharibu jingine. Chagua mwanga mmoja uwe bwana. Mimi ningechagua dirisha kila mara: wasogeze hadi mita 2 au 3 kutoka kwenye kioo, wageuze nyuso kidogo kuelekea huko, na rangi ya mwanga kwenye kamera uifunge karibu 5200 badala ya kuiachia otomatiki. Taa za nyuma zitabaki za njano, na umanjano huo unapendeza. Angalia pia kilicho karibu na gauni. Zulia jekundu au nguzo ya marumaru ya kijani hupaka rangi yake kwenye shela jeupe.

Anzia f/2.8 (upana wa tundu la lenzi, namba kubwa ni tundu dogo), 1/160 ya sekunde, ISO 1600 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), upandishe ISO hadi 3200 bila woga. Picha yenye chenga kidogo inasameheka, iliyotikisika haisameheki. Mtu anapotembea usishuke chini ya 1/100.

Gauni jeupe mbele ya marumaru nyeupe huidanganya kamera, nayo inatoa kijivu. Ongeza theluthi mbili za stopu hadi stopu 1 (stopu moja ni mwanga mara mbili). Mbele ya ukuta wa mbao nyeusi ni kinyume: kamera inaongeza mwanga na lesi ya gauni inaungua, yaani inakuwa nyeupe tupu. Washa onyo la sehemu zilizoungua na piga faili la RAW (picha ghafi isiyochakatwa na kamera).

Jambo linalowaponyoka wengi ni taa za LED zilizofungwa kwenye vinara vya zamani. Kwenye umeme wa hezi 50 nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, kwenye hezi 60 mara 120. Shata (pazia la kamera la kuruhusu mwanga) ikiwa ya kielektroniki inaacha mistari ya giza kwenye picha nzima. Tumia shata ya mitambo, 1/100, au 1/50 kama wametulia. Kwenye hezi 60, 1/125, au 1/60 kama wametulia. Piga picha mbili tatu za majaribio na uzikuze kabla maharusi hawajafika.

TaaMkononi
Naongezea kuhusu flashi, pale inaporuhusiwa. Usiielekeze kwenye kuba. Dari ya chumba cha kawaida inaurudisha mwanga kwa safari ya mita 3 hivi. Dari ya mita 15 inaufanya usafiri karibu mara kumi ya hapo, na unaofika usoni unakuwa karibu mara mia pungufu. Unamaliza betri bure. Msaidizi ashike flashi yenye mwavuli mita 1.5 kutoka kwa maharusi, juu ya usawa wa macho, pembeni nyuzi 45. Kama nyuma kuna taa za njano, bandika karatasi ya rangi ya chungwa kwenye flashi ili rangi zilingane. Picha zenye vioo ukutani zipigie kwa pembe, la sivyo flashi inaonekana ndani yake.

NgaziZaMarumaru
Ngazini, ukiinua kamera kuelekea juu nguzo zinainamiana. Rudi nyuma, shika kamera bila kuiinamisha juu wala chini, kisha kata nafasi iliyozidi chini. Tumia lenzi ya milimita 35. Kwenye lenzi pana za 16 hadi 24 mtu akikaa pembeni ya fremu anavutika na kunenepa, kwa hiyo maharusi wabaki katikati. Kama unataka ukubwa wa jengo uonekane, wape moja ya tano ya urefu wa fremu na uwaweke mbele ya sehemu isiyo na mapambo mengi.

Mpambe aushike mkia wa gauni kwa ncha, aupepee mara moja, auache utue wenyewe kwenye ngazi, halafu atoke kwenye fremu. Bibi harusi ashuke upande wenye reli ya kushikia. Viatu vya soli ya ngozi vinateleza sana. Visuguliwe kwa msasa nyumbani. Na mpigapicha usishuke kinyumenyume jicho likiwa kwenye kamera.

Swali
Kundi la watu 30 je, f/2.8 inatosha?

NgaziZaMarumaru
Haitoshi. Kwa lenzi ya 35 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye sensa ya ukubwa wa filamu ya milimita 35), ukifokasi mita 5 kwa f/4, ukali unaanzia kama mita 3.5 hadi 9.5. Weka f/5.6 uwe salama, fokasi kwenye theluthi ya mbele ya kundi. Kila safu isimame ngazi yake. Wazee wakae ngazi za chini kabisa. Anza na kundi kubwa, uliachie, ubaki na maharusi.

Dirishani
Kuhusu wapita njia: kamera ikiwa imetulia kwenye stendi au ukingo wa reli, piga picha 8 hadi 10 zinazopishana sekunde chache bila kubadilisha kitu. Programu ya kuhariri ikichukua thamani ya kati ya kila nukta, wanaotembea wanafutika na jengo linabaki. Maharusi wapige kwenye fremu yao peke yake, uwaweke juu ya ile safi. Aliyekaa kwenye benchi hafutiki, huyo ni wa kumwomba kwa heshima asogee.