Tupeane uzoefu: wanafunzi wa afya, haya tunayowaambia wagonjwa sisi wenyewe tunayaishi?

Wakuu habari za jioni. Nipo MD (udaktari) mwaka wa nne hapa Dar. Kliniki ya presha tunashinda tunamwambia mama wa watu chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai na hapo umehesabu na ile iliyopo kwenye mkate, afanye mazoezi walau dakika 150 kwa wiki, apumzike. Tukitoka pale saa tisa mchana, tumbo tupu tangu raundi ya asubuhi, wote tunakimbilia chipsi mayai, mtu anatikisa kopo la chumvi hata hajaonja, usiku ni enaji na noti mpaka alfajiri. Uelewa wa afya hauishii kwenye kuipata taarifa na kuielewa na kujua ipi ya kweli, kuna kuitumia pia, na hapo ndo wengi tunakwama, sio ujinga, ni ratiba na bumu (hela ya mkopo wa chuo) linaloisha kabla ya semista. Naomba uzoefu wa kweli, umebadilisha nini na umefanyaje. Nadharia tunazo za kutosha.

Nesi mtarajiwa: Mi naanza na chanjo ya homa ya ini B maana hii inatuhusu kabla hata ya chipsi. Dozi tatu, ya kwanza, nyingine baada ya mwezi, alafu mwezi wa sita. Ya kwanza darasa zima tulijaa foleni, ya tatu ikaangukia likizo watu wapo makwao Songea, Kigoma, ikapotea hivo hivo. Kilichotusaidia CR (kiongozi wa darasa) wetu aliandika tarehe ya kila mtu kwenye grupu la WhatsApp na kadi tukazipiga picha tukamtumia, ukipitiliza anakupigia simu.

Wodi ya usiku: Naongezea kwa nesi. Mwenzangu alijichoma sindano shifti ya usiku, mgonjwa ana VVU, akakaa kimya anaogopa kufokewa na sista. Nikamvuta pembeni, akaosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, hakupaminya, usiku ule ule tukaenda kuripoti. PEP (dawa za kuzuia VVU baada ya ajali kama hiyo) mwisho kuanza masaa 72 ila kadri unavowahi ndo bora, dawa siku 28. Alizimaliza zote, yupo mzima. Jamani ukijichoma sema, kufokewa kutapita.

Famasia mwaka wa 3: Hosteli yetu kila chumba kina masalia ya azuma na flagyl (antibayotiki). Mtu ana mafua tu anakuja "huna azuma mbili tatu hapo?" na huyo huyo amefaulu mada ya usugu wa dawa. Nimegoma kugawa. Ukija nakuuliza dalili, una homa twende ukapime malaria, ni mafua kunywa maji ya kutosha ulale. Mwanzoni walininunia, siku hizi wanakuja kuuliza kwanza.

Geto la watatu: Sisi Jumapili tunachemsha maharage sufuria kubwa, tunagawa kwenye makopo, tunahifadhi kwenye friji la mama mwenye nyumba, jioni ni kuunga tu na mchicha, dagaa wapo muda wote. Bumu likiingia kitu cha kwanza mchele na maharage ya mwezi, mengine baadae. Gym hatuna hela wala muda, tunashuka daladala kituo cha nyuma tunatembea.

Clinical, Eldoret: Huku kwetu Kenya kinachotumaliza ni akili kuchoka. Hospitali ya kutibiwa ndiyo ile ile unayofunzwa, daktari wa kukuona ndiye mwalimu wako wa Jumatatu, sasa nani atamwambia kwamba usiku hapati usingizi na analia bafuni? Classmate wangu alienda kwa kaunsela wa mbali kabisa na shule, huko ndiko aliweza kufunguka. Vyuo vitutafutie watu wa nje aki.

Mleta mada: Hii ya Eldoret imenigusa sana, na huku ni hivo hivo.

Mwaka wa kwanza: Samahanini wakubwa, nilichoma Hep B ya kwanza mwaka jana nikiwa nyumbani, ya pili sikurudi. Naanza upya?

Nesi mtarajiwa: Huanzi upya mdogo wangu, unaendelea ulipoishia. Nenda kachome ya pili wiki hii, ya tatu uchome zikipita angalau wiki 8. Ukimaliza, baada ya mwezi mmoja au miwili pima damu uone kama kinga imeshika.