Nyie mnaowatisha wageni wa Paris wasikanyage 93 (mkoa wa Seine-Saint-Denis, jirani na Paris), acheni hiyo tabia!

Wakuu, leo nimeshindwa kuvumilia. Kila Septemba wanafunzi wetu wapya wakitua Paris, kwenye kundi letu la Waafrika Mashariki kuna watu wanawarushia maelekezo yaleyale: nenda Eiffel, nenda Louvre, kapige picha Champs-Élysées, ila Saint-Denis, La Courneuve na Clichy-sous-Bois usikanyage, utakabwa. Muulize anayetuma kama amewahi kufika. Hajawahi. Amesikia tu.

Treni ya RER B inayokutoa uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle inakatiza humohumo: Aulnay, Le Bourget, La Courneuve, ndipo ufike Gare du Nord. Wengi wetu tuliingia Paris kwa kuipita 93, macho yakiwa kwenye simu.

Mimi huenda huko kila nikipata nafasi, natembea kwa miguu. Saint-Denis kuna basilika walimozikwa karibu wafalme wote wa Ufaransa. Toka hapo, hatua chache uko sokoni: bamia, mihogo, ndizi za kupika, akina mama wa Kimali na wa Kialgeria wanavutana bei na wauzaji. Sijawahi kuguswa na mtu.

Sisemi kuna raha. Seine-Saint-Denis ndio mkoa maskini kuliko yote ya Ufaransa ya Ulaya, zaidi ya robo ya wakazi wako chini ya mstari wa umaskini. Nendeni mtaa wa Chêne Pointu, pale Clichy-sous-Bois, mkaone maghorofa ambayo lifti zilikufa kwa miaka, wazee wakapanda ngazi na mizigo yao ya sokoni. Kutoka Paris ni kilomita 15 hivi, lakini tramu imefika Clichy mwaka 2019! Kabla ya hapo mtu anayefanya usafi ofisini mjini alidamka usiku kuwahi basi, kisha treni.

Na ni Clichy hiyohiyo walikofia Zyed Benna, miaka 17, na Bouna Traoré, miaka 15, tarehe 27 Oktoba 2005. Walikuwa wanawakimbia polisi, wakajificha kwenye kituo cha umeme, wakapigwa shoti. Vitongoji viliwaka moto wiki tatu, serikali ikatangaza hali ya hatari. Askari wawili walioshtakiwa kwa kutowasaidia waliachiwa huru 2015. Haya hamuwaambii wageni. Mnawaambia "utakabwa", basi.

Kinachoniuma ni kwamba hawa mnaowasema ni watoto wa Waafrika wenzenu. Kule Dar, mtu wa Masaki kwa matajiri akisema Manzese uswahilini hapafai kukanyagwa, nyie ndio wa kwanza kuwaka. Sasa mmevuka bahari mnawasema wenzenu maneno yaleyale, tena kwa watu wasiojua mji, ambao watayabeba miaka yote watakayokaa hapa.

Admini wa kundi, futa ule mstari wa "usikanyage" kwenye maelekezo ya wageni. Leo. Na wewe mwanafunzi mpya unayesoma hapa: Jumapili ni siku ya soko Saint-Denis, panda metro laini ya 13, shuka Basilique de Saint-Denis. Kama unaogopa kwenda peke yako njoo PM, twende wote.

Mwenye la kunijibu ajibu, lakini aanze kwa kusema amefika wapi na ameona nini. Wa "nasikia" akae pembeni.