Mrejesho: ile boti ya Dunga yenye injini inayozima

Niliwauliza kama ninunue boti iliyotumika hapa Dunga, Kisumu, yenye injini ya nguvu za farasi 15 inayozima baada ya dakika kumi hivi. Muuzaji, mzee mmoja, aliapa kwamba ni plagi tu, ile ya kutoa cheche.

Aliyenishauri niende na fundi wangu, si wake, nakudai soda. Tulipoiwasha, ule mchirizi wa maji wa kupoza injini ulikuwa unadondoka kama bomba la ploti saa sita mchana. Gugu maji lilikuwa limeziba tundu la kuvuta maji, na raba ya pampu imekwisha. Hiyo ni kazi ndogo. Lakini fundi akapima mgandamizo, yaani shinikizo ndani ya silinda: moja 110, nyingine 65, wakati zinapaswa kukaribiana. Injini imechemka mara nyingi hadi ringi za pistoni zimekufa. Plagi, eti!

Mbao lakini ni nzima. Nilichokoa mkuku, ule uti wa chini wa boti, kwa kisu kote, hakikuingia. Kalafati tu, ule uzibaji wa nyufa kati ya mbao, ndiyo ya kurudia.

Basi nikanunua boti bila injini, 60,000 badala ya 170,000. Mzee alinuna siku mbili, ya tatu akapiga simu mwenyewe. Injini bado natafuta. Kwa sasa ni makasia, na mabega yananikomesha.