Python au Go kwa faili la namba milioni 10: RAM inanimaliza

kitanzi:
Wakuu, habari. Nina programu ya lugha ya Python inayosoma faili la namba nzima milioni 10, moja kila mstari, zote chini ya bilioni moja. Inazipanga, inatoa wastani na namba ya kati. Majibu ni sahihi, ila RAM (kumbukumbu ya kompyuta) inaliwa mpaka seva inaizima, na seva yenyewe ina gigabaiti 1 tu. Mwenzangu anasema nihamie lugha ya Go, eti ni mara mia. Go yangu ni ya kuombea maji. Nihame?

tundu_la_sindano:
Hama. Go inakompailiwa (inageuzwa kwanza kuwa lugha ya mashine), Python inatafsiriwa inapoendeshwa. Hakuna mjadala.

mzee_wa_baiti:
Mjadala upo. Mara mia kwenye nini? Kasi na RAM ni kesi mbili.

RAM kwanza, maana ndiyo inayokuua. Kwenye CPython (Python ya kawaida) ya biti 64, namba kama zako hubeba hesabu ya wanaoitumia, aina yake na ukubwa wake, ndipo thamani: jumla baiti 28. Listi nayo haishiki namba, inashika anwani ya baiti 8. Hiyo ni 36 mara milioni 10, megabaiti 360. Na nina shaka umeandika `read().split()`, yaani kusoma faili zima kwa mkupuo na kulikata vipande. Kama ndivyo, kila mstari umekuwa pia stringi ya zaidi ya baiti 40, na zote ziko hai kwa pamoja. Hapo gigabaiti imekwisha.

Go ikiziweka kama `int32` (namba nzima ya biti 32) ni baiti 4 kila moja, megabaiti 40. (Jumla iweke kwenye `int64`, la sivyo itafurika na wastani utakuwa kichekesho.) Ila Go nayo ina mfagiaji wa kumbukumbu: kwa kawaida huacha takataka zirundikane karibu sawa na data iliyo hai ndipo afagie. Usishangae ukiona zaidi ya 40.

Kasi sasa. Kupanga listi kwenye Python kumeandikwa kwa C, kwa hiyo hapo hiyo mara mia huioni. Unapoachwa mbali ni kwenye lupu inayoita `int()` mara milioni 10.

Kwangu mimi usihame bado. Jaribu NumPy, maktaba ya Python ya kushughulikia namba nyingi (anza na `import numpy as np`):

`a = np.fromfile("namba.txt", dtype=np.int32, sep="\n")`
`a.sort()`

NumPy inazishika kwa baiti 4 zilezile na kuzipanga papo hapo bila kunakili. Usiandike `sorted(a)`, itakurudishia listi na balaa lake lote.

kitanzi:
Duh, `read().split()` ndiyo yenyewe! Umeionaje? Na nikitaka kumwonyesha mwenzangu, napimaje RAM?

mzee_wa_baiti:
Karibu kila mtu huanza nayo. Kwenye Linux tumia `/usr/bin/time -v python3 programu.py`, kisha soma kilele cha kumbukumbu, kipo kwa kilobaiti. Andika njia nzima, maana `time` ya Bash (programu inayopokea amri zako) haina `-v`. Mwenzako naye apime Go yake hivyohivyo, ila akompaili kwanza kwa `go build`. Akitumia `go run`, muda wa kukompaili unaingia kwenye kipimo.